Mwaka Tuliopapasa Viwele

Siku ile nilipaswa kukataa. Kaka yangu mkubwa na dada yangu walikuwa wamekaa sebuleni kwangu, mtaa wa Mapendo, wakaamua kwamba mke wangu asiende kupimwa matiti mwaka ule mpaka mahari ya binti yetu iwe imepokelewa. Waliamua, kisha wakanitazama, kwa sababu nyumba ni yangu na mke ni wangu. Nikasema, "Sawa." Halafu nikaomba niongezewe sukari kwenye chai.

Nimezeeka na mengi nimeyasahau, lakini sukari ile siisahau. Mke wangu ndiye aliyeileta. Alikuwa amesimama mlangoni na birika, amesikia yote, na alinitilia vijiko viwili kama nilivyopenda, akakoroga, akarudi jikoni.

Nitaeleza jambo lenyewe tangu mwanzo, ili asije mtu akanihurumia bure.

Dada mkubwa wa mke wangu alifia Bukavu kwa ugonjwa wa titi. Aliuficha chini ya kitenge zaidi ya mwaka mzima kwa kuona haya, na alipoufunua hapakuwa tena na cha kufanya. Mke wangu ndiye aliyeuosha mwili. Aliporudi Goma hakulia sana mbele yetu. Lakini mwezi wa kumi ulipofika, na kanisani likasomwa tangazo kwamba kituo kimoja cha afya kule Keshero kinapima wanawake matiti kwa juma zima, alivaa kitenge chake kizuri akaenda. Mwaka uliofuata akaenda tena. Akaenda miaka minne mfululizo, na hakuwa anaumwa popote. Mimi nilimtania.

"Mama, unaenda kwa muganga kumwambia hauumwe?"

"Ndiyo," akanijibu. "Nataka anijue nikiwa muzima, ili siku kitu kikibadilika akione."

Alikuwa na karatasi aliyopewa pale. Kila mwaka muuguzi alichora juu yake viduara viwili, kimoja kando ya kingine, na kila kiduara alikigawa kwa msalaba kuwa robo nne. Alipapasa robo moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole, na asipokuta kitu aliacha viduara vitupu, akaandika tarehe. Ilikuwa na mistari minne ya viduara vitupu. Mke wangu aliihifadhi ndani ya kitabu chake cha nyimbo za misa, na kila alipotoka Keshero alinionyesha kama mtoto anayeleta matokeo ya shule. Niliangalia kidogo, nikasema vizuri, nikarudi kwenye redio yangu.

Sikuwa mtu asiyejua. Nilimaliza sekondari. Nilifanya kazi ya ukarani katika depo ya kahawa mpaka nilipostaafu, na majirani waliniletea barua zao za ofisini niwasomee na kuwaandikia majibu. Mke wangu alipokuwa akinieleza kile walichofundishwa kituoni, kwamba mwanamke ajipapase mwenyewe kila mwezi, na mikono ya muuguzi ipite kila mwaka hata kama hakuna maumivu, kwa sababu uvimbe wa mwanzo mara nyingi hauumi, nilielewa kila neno. Kutojua kungekuwa kisingizio kizuri. Mimi sinacho.

Kilichotutia wazimu ni mahari. Binti yetu, mtoto wetu wa kike peke yake, aliposwa na kijana wa familia ya Rutshuru, wafugaji na wafanyabiashara, Wakristo wanaosema Kinyarwanda, watu wa heshima. Sisi ni Wakatoliki wa upande wa Bukavu. Kwetu na kwao ng'ombe ni ng'ombe, kwa hiyo tulielewana haraka. Tatizo lilikuwa kwamba shangazi wa bwana-arusi alikaa Keshero, karibu kabisa na kile kituo cha afya. Na wanawake waliosubiri kupimwa walikaa nje, kwenye mabenchi yaliyopangwa chini ya hema la buluu kando ya ukuta wa mawe meusi, barabarani. Kila aliyepita aliwaona.

"Shangazi ya bwana-arusi anakaa nyumba ya tatu tu," dada yangu alisema siku ile sebuleni. "Atamuona mama ya bibi-arusi kwenye ule mustari. Utamwambia nini?"

"Lakini haumwi," nikasema.

"Nani anaulizaka kama unaumwa? Batu banaona mustari, basi. Halafu atauliza-uliza, na batamwambia habari ya yule dada yake wa Bukavu. Banasema ile ugonjwa inatembea mu damu ya bamama. Kesho utasikia mutoto yetu atanyonyesha usaha."

Kaka yangu aliweka kikombe chini. "Dada, mutu anakunywa chai ya maziwa hapa."

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kisha kaka akasema kwa sauti yake ya kufunga mkutano, "Ni jambo ya miezi miwili. Ng'ombe zikiingia, mama aende apimwe hata mara tatu kwa siku, hakuna mutu atasema kitu. Muzee, unasema je?"

Hapo ndipo nilisema sawa.

Baada ya wao kuondoka nilimkuta mke wangu jikoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua macho.

"Papa ya batoto, ni siku moja tu. Naweza enda asubuhi mapema, nifunike kichwa."

"Umesikia walichosema."

"Nimesikia. Nauliza wewe unasema nini."

"Usinitie aibu mbele ya bakwe," nikamwambia.

Mikono yake iliendelea na majani. Kisha akasema, "Sawa," neno langu lilelile. Jumapili iliyofuata tangazo lilisomwa kanisani kama kawaida. Nilikuwa nimekaa upande wa wanaume. Nilimwona ng'ambo ya pili amefungua kitabu chake cha nyimbo wakati hakukuwa na wimbo. Juma lile likapita.

Sasa nifike mahali panaponichukiza zaidi ya pote.

Kwetu mahari ya ng'ombe haipokelewi kwa kuambiwa. Watu wa upande wa msichana huenda kuwaona ng'ombe kabla hawajaletwa, ili asije akaingizwa mgonjwa au mzee. Barabara ya Rutshuru ilikuwa bado inapitika, vita havijaifunga. Mwisho wa mwezi wa kumi, siku chache tu baada ya lile juma la Keshero, kaka yangu nami tulipanda basi dogo mapema, tukashuka kabla ya mji, na mkwe wetu mtarajiwa akatupeleka mlimani kwa pikipiki mbili mpaka kwenye zizi la baba yake.

Kaka yangu alichunga ng'ombe utotoni, kwa hiyo ndiye aliyekuwa mtaalamu. Aliangalia meno, akaangalia kwato, akanusa pumzi. Kisha akakunja mikono ya koti lake.

"Ya muhimu ni kiwele," akanieleza, kwa sauti ya juu ili wenyeji wasikie kwamba hatukuja kudanganywa. "Ng'ombe jike bila kiwele kizima ni nyama tu. Kuja. Usiogope. Kiwele iko na sehemu ine. Unakamata moja moja. Weka vidole hivi, halafu unasukuma polepole, kama unatafuta jiwe mu muchele."

Nikachuchumaa. Nilikuwa karani, sikuwahi kushika kiwele cha ng'ombe maishani mwangu. Kilikuwa cha moto, kina nywele laini, kina harufu ya mkojo na maziwa yaliyochacha. Nikapapasa robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Tukahamia kwa mwingine. Nilianza kuona utamu wa ile kazi. Vidole vilianza kujua nyama laini ikoje, na kwa hiyo vikajua pia isiyo laini.

Ng'ombe wa tano alikuwa mwekundu, mnene, mzuri kuliko wote kwa macho. Kwenye robo ya nyuma upande wa kulia vidole vyangu vikasimama. Ndani kabisa kulikuwa na kitu kigumu, kidogo, kama karanga.

"Kaka, kuja ushike hapa."

Akashika. Akafumba macho, akakitafuta, akakipata. "Eee. Ndiyo. Hii hapana."

Baba wa kijana, mzee mtaratibu mwenye kofia, alikuja naye akapapasa. Hakubisha. "Mumekamata vizuri," akasema. "Mimi mwenyewe sikujua. Ni mapema, inaweza pona, lakini siwapeleki kitu ya kuponesha." Akaamuru aletwe mwingine.

Mchungaji wake, mtu wa makamo mwenye mzaha, alinigonga begani. "Muzee, vidole yako inashinda ya muganga. Ubakie hapa tukulipe."

Walicheka wote. Nilicheka nami, na nilijaa fahari mpaka kifuani. Tulikula nyama ya mbuzi, tukanywa kasiksi, pombe ya ndizi, kutoka kwenye kibuyu, kaka yangu akasimulia mara tatu jinsi ndugu yake karani alivyogundua karanga ndani ya kiwele. Hata mara moja, wala njiani kurudi, sikufikiria ile karatasi yenye viduara vilivyogawanywa robo nne. Ningependa kuandika kwamba wazo lilinipitia nikalifukuza. Halikupita.

Nilifika nyumbani jioni. Mke wangu aliniletea beseni na sabuni uani, akanimiminia maji ya kunawa, kwa sababu mikono ilinuka.

"Mumeziona?"

"Tumeziona. Nzuri. Moja tumeikataa. Ilikuwa na kitu kwenye kiwele, mimi ndiye nilikikuta." Nikamsimulia yote, na karanga, na maneno ya mchungaji.

"Mulizipapasa zote?"

"Zote."

"Moja moja?"

"Moja moja. Sehemu ine kila moja."

Aliendelea kumimina. Maji yalikuwa yameshasafisha sabuni yote, na bado alimimina, mpaka jagi likaisha. Nami, mpumbavu, nilidhani ameridhika.

Ng'ombe waliletwa mwezi wa kumi na mbili. Hapo kaka yangu alikuwa ameahidi kwamba njia ni wazi. Lakini woga ukishapewa kiti hauondoki haraka. Dada yangu akasema ndoa ya kanisani bado, wakwe wakipata sababu wanaweza kudai ng'ombe wao. Na tena, lile juma la kupimwa lilikuwa limepita, ingebidi aende hospitali kubwa, aeleze, asubiri. Mke wangu alikuwa na mazoea ya mwezi wa kumi. Mimi niliyavunja mazoea yale, na hakuna aliyeyarudisha.

Mwezi wa nne nilikuwa nimekaa uani nanyoa ndevu, kioo kidogo nimekiegemeza kwenye ukuta wa mawe. Alikuja akasimama nyuma yangu. Nilimwona kwenye kioo.

"Kuna kitu," akasema. "Upande wa kushoto. Kama haragi."

Haragi ni maharage, ndivyo tunavyoyaita hapa. Sikugeuka. Nilikuwa na povu shavu moja.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Basi subiri. Ndoa ni mwezi wa saba."

Namwona mpaka leo ndani ya kile kioo, anaitikia kwa kichwa. Wembe nilikuwa nao mkononi, na niliendelea kunyoa.

Dada yangu alipoambiwa alileta dawa yake, majani yaliyotwangwa na mafuta ya mbuzi, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mke wangu alijipaka miezi mitatu. Kitanda chetu kilinuka mafuta yaliyooza. Nguo zake za ndani ziliingia rangi ya kijani. Alikwenda arusini na pamba imekunjwa ndani ya sidiria ili mafuta yasitoke kwenye kitenge kipya. Alicheza. Wakwe walimsifu kwamba mama ya bibi-arusi anacheza kama msichana. Nilimtazama nikajisemea, unaona, hana kitu.

Mwezi wa kumi aliondoka bila kuniomba ruhusa. Aliporudi aliniwekea karatasi mezani, juu ya gazeti nililokuwa nasoma. Mistari minne ya viduara vitupu. Halafu nafasi, mstari ambao muuguzi aliuacha wazi kwa mwaka ule usio na tarehe. Halafu viduara vya mwaka huu. Cha kushoto muuguzi alikuwa amekipaka kalamu robo moja yote na kipande cha robo ya pili, na kando ameandika kwamba apelekwe hospitali haraka.

"Aliniuliza mwaka jana nilikuwa wapi," mke wangu akasema.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nilikuwa na wageni."

Hata mbele ya muuguzi alinifunika.

Hospitali kubwa tulifika siku ya pili. Walifanya picha, wakachukua kipande wakakipeleka kupimwa mbali, tukasubiri, wakamkata titi, wakasema kile kitu kimeshaingia kwapani na kinaweza kuwa kimepita zaidi. Dawa nyingine hazikuwepo Goma. Zikipatikana zilikuja kwa kuruka-ruka, kwa sababu njia zilikuwa zinafungwa na kufunguliwa. Siwezi kuwalaumu wale watu. Siku moja, kwenye korido, nilimsimamisha daktari, mwanamke kijana ambaye angeweza kuwa binti yangu.

"Kama angekuja mwaka ule mwingine," nikamuuliza, "mungekiona?"

Alinitazama vizuri. "Muzee, sijui. Labda ndiyo, labda kilikuwa bado. Lakini mwezi wa ine alikiona yeye mwenyewe, si ndiyo? Pale kilikuwa kadogo. Kikiwa kadogo tunakuwa na kazi ya kufanya. Sasa hivi tuna kazi ndogo sana ya kufanya."

Nilitaka aniambie kwamba ingekuwa vilevile. Nilimwendea kwa ajili hiyo tu, kuomba anipe uongo wa kunilaza usingizi. Naliandika hapa kwa sababu ni kweli na kwa sababu linanichefua.

Miezi ya mwisho kidonda kilifunguka. Wale waliowahi kukaa na kidonda cha namna hiyo wanajua harufu yake, na wasioijua sitawapa. Binti yetu alikuja kutoka kwa mume wake kila siku mbili, anamwosha mama yake, anabadilisha vitambaa, anavichemsha uani na majivu. Nguo za kila mtu nyumbani zilinuka. Hata bugari, ugali wetu, ilinuka. Mimi nilihamia sebuleni, nikalala kwenye kiti kirefu. Nilisema ni mgongo, kitanda kile kimekuwa laini mno. Mke wangu aliuliza kama nimepata mto. Nikasema nimepata. Alikuwa analala peke yake kwenye kitanda tulichokilalia tangu tulipooana, nami ng'ambo ya ukuta nimejifunika pua kwa shuka, mimi niliyechuchumaa zizini nikanusa kiwele cha ng'ombe kwa hiari yangu.

Alikufa asubuhi ya Jumanne, binti yetu akiwa naye. Mimi nilikuwa nimetoka kununua makaa.

Kwenye matanga kaka yangu aliamua tuchinje ng'ombe mmoja kati ya wale wa mahari. Sikukataa hilo pia. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki uani, wanakula, mafuta yanawatiririka vidoleni, na kaka yangu, mdomo umejaa, aliwaambia watu wa shirika letu la kanisa, "Hii familia iko na ng'ombe nzuri. Tulikuwa tumezichagua sisi wenyewe." Dada yangu alikuwa anagawa bugari. Aliponipitia aliniambia kwa sauti ya chini, "Mungu ndiye anajua." Niliisukuma sahani. Nilikwenda kusimama nyuma ya choo.

Niliporudi nilimkuta shangazi wa bwana-arusi, yule wa Keshero, amefika. Alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga kitenge cheusi, na kwa jinsi alivyonishika mkono nilijua analia kwa kweli. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu yetu.

"Mukwe, pole," akasema. "Yule mama nilimupenda. Tulijuana kule kwenye mabenchi."

"Mabenchi gani?" nikauliza.

"Ya kupima, kule kwetu Keshero. Miaka yote ile tulikuwa tunakaa pamoja. Mimi pia naendaka kila mwezi wa kumi, mama yangu alikufa na hii hii ugonjwa. Hata posa ilipofika, ni mimi niliwaambia bakaka zangu: ule mutoto wa kike muchukue, mama yake ni mwanamke anajitunza." Akajipangusa macho na ncha ya kitenge. "Mwaka ule wa mahari nilimuwekea nafasi, nimuambie hapo kama mimi ni shangazi ya bwana-arusi, maana alikuwa hajajua. Niliweka mufuko wangu juu ya benchi mpaka saa sita. Nikasema labda ako na kazi ya bageni. Alikuwa na kazi gani ile siku, mukwe?"

Sidhani alihitaji jibu. Alikuwa anaomboleza tu. Alikwenda kukaa na wanawake. Mtu tuliyemwogopa, ambaye kwa ajili ya macho yake tulimfungia mke wangu nyumbani, alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile na mfuko wake, anamsubiri.

Lakini binti yangu alikuwa amesikia. Alingoja siku tatu za matanga ziishe, watu wakatoka, viti vikarudishwa. Kisha akaja sebuleni, akasimama palepale mama yake aliposimama na birika.

"Papa, kwa nini mama hakwenda ile mwaka?"

Ningeweza kusema wageni. Mke wangu alikuwa ameniachia uongo uliokuwa tayari. Lakini nilikuwa nimechoka na harufu yangu mwenyewe, nikamwambia yote: kikao, maneno ya dada yangu, ya kaka yangu, ya kwangu. Nikamwambia na habari ya Rutshuru. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni kwa sababu ya arusi yangu."

"Hapana. Ni kwa sababu yangu."

"Ng'ombe muliwapapasa," akasema polepole, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. "Kila mumoja."

"Ndiyo."

"Na mama alikumiminia maji ya kunawa."

"Ndiyo."

Alichukua kitabu cha nyimbo cha mama yake kutoka kwenye rafu, akatoa ile karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya blauzi yake. Akaondoka.

Nimekuwa nikiwaambia wanaume wa shirika, baada ya misa au tukiwa tumekaa: kila mwaka, msingoje maumivu, msiweke ndoa wala ugeni wala macho ya watu mbele. Baadhi wananisikiliza. Wengine wanaangalia viatu vyao, na ninawajua, kwa sababu mimi pia nilikuwa na viatu vya kuangalia. Kaka yangu ananiambia niache kuchafua jina la familia. Siku hizi akija sebuleni kwangu simpi chai.

Mwezi wa kumi huu nilikwenda Keshero. Sikuwa na kazi pale. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka la bati, nikatazama hema. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye benchi na shangazi wa mume wake, wanaongea, karatasi yake mwenyewe mkononi. Ana miaka thelathini na moja. Alipotoka ndani nilivuka barabara.

"Wamesema nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, muzee. Asante kwa kuuliza."

Aliniaga kwa heshima zote, kama anavyomuaga mzee yeyote wa mtaani, akapanda pikipiki.

Mke wangu alikufa akiwa na miaka hamsini na sita, kwa uvimbe ambao ulikuwa kama haragi wakati mimi nilipomwambia asubiri. Binti yangu yu hai, ni mzima, anaishi Goma hii hii, na hajaingia nyumbani kwangu tangu siku ile, wala haniiti tena papa.